Asiye na Mjomba Ale Bure

Mjomba,

Shikamoo. Nakuachia nafasi kidogo hapa, maana hukuwa mtu wa kuitikia upesi. Ulimaliza kwanza kutafuna ulichokuwa nacho mdomoni, ndipo ukasema marahaba. Sijakuandikia tangu tulipokuzika, na leo nimeshika kalamu kwa furaha, si kwa kilio. Nina habari ambayo hakuna wa kuicheka vizuri kama wewe.

Kwanza ya hapa Newala. Mji umechangamka. Wanunuzi binafsi wa korosho wamejaa, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Maji ni yale yale ya kufuata bondeni. Mikorosho yako imepaliliwa. Dada Fatu ndiye msimamizi, na anavyofoka shambani ungedhani umerudi.

Mimi bado nafundisha shule ya msingi, ila mwaka huu wamenitwisha chakula cha mchana. Zamani kila ndugu alileta alichojaliwa. Siku hizi ni uchangiaji, na una bei: kila mtoto debe moja la mahindi na kisado cha kunde kwa muhula. Mwenye hali ngumu, nusu debe. Asiye na mtu anakula bure. Na asiye na mtu ni nani? Karatasi niliyopewa ilisema ni aliyefiwa na baba. Basi mimi, msomi wako, nikapita darasa kwa darasa na daftari nikiuliza, "Baba yupo?" Aliyesema hayupo, nikamwandika bure. Aliyesema yupo, alete debe.

Najua umeshaanza kucheka. Ngoja nimalize.

Mimi mwenyewe nililishwa na nani, Mjomba? Baba yangu alikuwa hai, mzima, na hakuleta shuleni hata punje. Chakula changu ulikileta wewe kwa baiskeli, ukaiegemeza ukutani na kumuuliza mpishi mbele ya watoto wote, "Mpwa wangu amekula?" Niliona haya, natamani ardhi inimeze. Leo ningetoa chochote niisikie sauti ile. Na baba hakuona vibaya, kwa sababu naye saa hiyo alikuwa njiani na mzigo wa watoto wa dada yake. Ndivyo tulivyo huku juu Newala: mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayemwangalia ni mjomba. Hayo nilikua nayo, halafu nikapewa daftari nikayasahau.

Ikawa Hashimu, asiye na baba lakini mjomba wake juzi kanunua pikipiki kwa pesa ya korosho, anakula bure. Na Zuhura wa darasa la tatu akabaki nje ya orodha. Baba yake yupo, ndiyo, yuko Tandahimba kwa mke mwingine. Mama yake hana kaka. Alikuwa naye mmoja, akafariki.

Siku ya kwanza wenzake walipopanga foleni, Zuhura aliniambia amefunga. Ilikuwa Jumatatu, nikaona mtoto anashika sunna, nikamsifu mbele ya darasa. Jumanne akafunga tena. Jumatano nikamkuta nyuma ya jiko anafyonza bibo, tunda la mkorosho, maji yanamchuruzika hadi kwenye viwiko. Akanitazama bila kupepesa, akasema, "Nimekula kwa kusahau, mwalimu. Aliyesahau funga yake haiharibiki." Nilicheka. Kisha nikaingia darasani peke yangu, nikalia.

Bi Esha, mpishi wetu, hakunionea huruma hata kidogo. "Ntoto wa huku unamuuliza baba?" akasema. "Umesomea wapi wewe?"

Nikaitisha mkutano wa kamati na wazazi. Nilisimama nikakiri kosa, nikaomba swali libadilike, tuulize "Mjomba yupo?" Asiye na mjomba ale bure. Wakakubali kwa vifijo. Mjomba wa Hashimu akanyanyuka, tabasamu limemjaa. "Mwalimu, mimi nilishangaa tangu mwanzo. Nikasema labda serikali imeamua kunipumzisha." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kesho yake debe lake likaja.

Tukafika kwa Zuhura. Mkutano wote, Mjomba, niliuitisha kwa ajili yake. Nikamuuliza mama yake, "Una kaka?" Akasema, "Sina, mwalimu. Mungu alimchukua." Nikainua kalamu niandike bure, nimefurahi kama niliyepata cheo.

Bi Esha akasema, "Subiri. Mama Zuhura, ninyi ukoo gani?"

Akautaja.

"Na wewe mwalimu, mama yako ukoo gani?"

Jibu unalijua, ulinifundisha mwenyewe kabla sijajua kusoma. Ni ule ule, na wa ukoo mmoja ni kaka na dada. Mkutano mzima ukaangua kicheko, na Mama Zuhura akajifunika uso kwa kanga. Bi Esha akanyoosha mikono. "Basi ntoto ana njomba, tena ana mshahara. Bure ya nini?"

Kalamu ilikuwa bado hewani. Sheria nimeileta mwenyewe, haina hata saa moja. Nikamwandikia Zuhura debe zima na kisado cha kunde, na pa kuandika mleta mchango nikaweka jina langu. Sijawahi kushindwa kwenye mkutano nikatoka nimefurahi namna ile.

Sasa nikueleze la leo, ndilo lililonifanya nikuandikie. Mchana nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari. Mlango ukasukumwa bila hodi. Zuhura, sahani mkononi, uso umekunjamana. Mtoto ambaye wiki iliyopita alijua kuificha njaa yake hata kwangu. Akasema, "Njomba, Bi Esha kaninyima ukoko."

Nikaweka kalamu chini. Ulipokufa nilidhani neno hilo limetoka nyumbani kwetu.

Pumzika kwa amani, Mjomba wangu. Nakuahidi mchango wa Zuhura hautachelewa hata muhula mmoja, mpaka amalize shule. Mengine nitakusimulia tukionana. Acha niende jikoni nikagombane na Bi Esha, mpwa wangu anataka ukoko.

Mpwa wako,
Issa