Kikaratasi cha Suruali ya Mwalimu

Jumamosi, tarehe 14, asubuhi

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, na cherehani imepata mkanda mpya, lakini hayo tuyaache. Mwanao anasoma!

Unakumbuka mwalimu alisema asipojua kusoma muhula huu atarudia darasa. Akiona kitabu tu, analia. Basi nikakiweka kando, nikampa kazi ya kunisomea vikaratasi ninavyobana kwa pini kwenye nguo za wateja. Kila jioni tulikwenda silabi kwa silabi: ka, ta, kata. Simharakishi.

Jana mwalimu mwenyewe akaja kuchukua suruali yake. Mwanao akaishusha kutoka kwenye kamba, akaweka kidole kwenye kikaratasi, akasoma kwa sauti mbele ya wateja: "Mwalimu. Ongeza kiuno. Tumbo limekua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

"Fundi, huu mwandiko ni wako?" mwalimu akaniuliza. Kabla sijajibu akaangua kicheko, akageuza kile kikaratasi, akaandika maneno mengine. Mwanao akayakokota mpaka mwisho: "Wewe utapanda darasa na wenzako."

Nilipiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio, akidhani nimejichoma sindano.

Ila jambo moja. Juzi aliniuliza kama uliondoka kwa sababu yeye hajui kusoma. Nikamwambia ulifuata kazi. Akaniuliza tena vilevile. Tafadhali, usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa herufi kubwa na maneno mafupi, asome mwenyewe kwamba siyo kweli.

Dada yako, ambaye leo hata kushona hashoni kwa furaha