Magauni Manne ya Njano

3 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini wewe na Baba hamjambo, na mgongo wako umepoa. Mimi mzima. Siku hizi natunza mavazi kwenye kampuni ya filamu. Tunatengeneza picha ya kutisha ya vijana wa chuo. Fundi wetu kaugua, na mkono wako naujua. Nakutumia kitambaa cha njano na vipimo vya mwigizaji. Shona magauni manne, yafanane kabisa. Tunaanza kupiga picha Jumatatu, tarehe 2 Machi.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima, mgongo ni ule ule. Miaka tisa huandiki, leo umeandika na vipimo vya mtu mwingine. Haya, hujambo? Kitambaa nimekipata, kizuri. Lakini manne ya nini? Huyo dada hana nguo nyingine?

Mama yako

16 Februari

Mama, shikamoo.

Sijambo, na umenichekesha. Ni hivi: huyo wa njano anauawa. Kifo kinarudiwa mpaka mwongozaji aridhike, na rangi ya damu haitoki, kwa hiyo kila mara anavaa gauni safi. Steringi, rafiki yake anayebaki hai, ana sweta moja tu picha nzima.

Utauliza kafanya kosa gani. Aliingia chumbani na mpenzi wake, wakafunga mlango. Picha hizi ndivyo zilivyo, anayependa hafiki asubuhi. Mvulana naye anakufa, ila nyuma ya mlango, tunasikia kishindo tu. Shati moja linamtosha. Mwongozaji anasema watazamaji wasipomwona msichana akiadhibiwa watadai wamepunjwa.

Kazi yangu ni kuhesabu nguo. Ila jana nilipoandika "magauni ya kufia, manne" nilikumbuka Baba aliponitoa nyumbani kwa kosa hilo hilo, na gauni moja mwilini. Wewe ulikuwa kwenye cherehani. Hukuinua uso. Iliniuma, Mama, na bado inaniuma.

Mwanao

27 Februari

Mama, shikamoo. Mzigo haujafika, wala barua. Jumatatu ndiyo hiyo. Nilikosea kuandika yale? Nijibu tafadhali.

Mwanao

28 Februari

Mwanangu, marahaba.

Gauni hili hapa. Nimeshona moja. Likiingia damu mara moja basi, hawana la kurudia, kwa hiyo wafikirie vizuri. Mwongozaji akigomba, mwambie fundi ni mzee, macho hayaoni.

Siku ile nilikuwa nashona pazia la watu. Nilipitisha sindano pale pale mara tatu, nikaliharibu. Nilimwogopa baba yako, nikakuacha uondoke. Naona haya mpaka leo. Nisamehe. Juzi nimemwambia kwamba mlango huu ni wangu pia. Amenuna. Mwache anune.

Kitambaa kilichobaki nataka kukushonea wewe. Nimefungua daftari langu, vipimo vyako ni vya ulipokuwa na miaka ishirini. Havifai tena. Njoo nikupime.

Mama yako