Utepe wa Kijani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, dada anazidi kupata nguvu, na yule mgeni wetu mdogo ananyonya na kulala kama inavyompasa. Mimi mwili mzima, ila roho inanidunda. Nakuomba uketi kwanza, na usisome kwa sauti, maana dada bado mzazi mbichi na sitaki ashtuke.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, wewe nikikupigia unaweka spika nyumba nzima inisikie, hadi jirani anaitikia salamu. Ndiyo maana nimempa shemeji akuletee mkononi, nikamsihi akupe mkiwa wawili tu.

Baba amelazwa hapa kwetu, hospitalini. Yuko hai na fahamu zake zote anazo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari kutafuta mwisho. Ni moyo. Mshipa mmoja umeziba.

Ilikuwa Jumanne mchana, na idara yetu ya dharura ilikuwa imefurika. Gari la mafundi lilikuwa limepinduka, kwa hiyo daktari wa zamu alikuwa na waliovunjika, na mimi msaidizi wake nashona vichwa. Pale mlangoni kuna muuguzi tunayemwita Askari Kanzu, kwa sababu hakuna anayempita bila kuhojiwa. Yeye ndiye anayemfunga kila mgonjwa utepe mkononi. Mwekundu aingie sasa hivi, wa njano asikawie, wa kijani anaweza kusubiri. Na sisi tuna msemo wetu: anayelalamika anapumua, mkimbilie aliyenyamaza. Si mara moja nimeyasimulia hayo mezani, na baba akacheka mpaka akapaliwa.

Basi natoka kunawa mikono, nasikia kicheko kwenye mabenchi. Nani? Mumeo! Amezungukwa na wagonjwa, anawasimulia ile siku ulipomfungia nje akapitia dirisha la jikoni akakwama kiunoni. Mkononi ana utepe wa kijani. Nilipomuuliza kulikoni, akasema ni kiungulia tu, amefuata dawa, nirudi kwenye kazi yangu nisiwacheleweshe wenye shida. Akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye daktari wake. Nikamsahihisha kama kawaida, kwamba mimi ni tabibu msaidizi, naye akajibu kama kawaida, kwamba nusu mkate nao ni mkate. Benchi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, mama, nikageuka niende zangu.

Sijui nini kilinigeuza tena. Alikuwa ameketi chini ya feni, wenzake wamejifunika masweta, na yeye jasho limemsimama juu ya mdomo. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa benchi. Nikaita kiti cha magurudumu, nikamkalisha kwa nguvu, nikamsukuma mwenyewe huku bado anamalizia hadithi yake. Tulipombandika waya za kupima moyo kifuani, nilijua kabla karatasi haijaisha kutoka. Daktari wa zamu alipofika akaniambia nitoke, kwa kuwa hatutibu wa kwetu. Nikasimama nje ya pazia. Kila siku ndugu za wagonjwa wananivuta koti nami nawaambia watulie. Hee, mama, kumbe nilikuwa nawaambia nini!

Dawa zimemtuliza. Lakini bingwa wa moyo amesema dawa zinashikilia tu, lazima apelekwe hospitali kuu akazibuliwe mshipa, na kila siku inayopita ni hatari. Baba amekataa. Anasema hatapanda gari la wagonjwa mpaka wewe urudi, na wewe usiitwe mpaka mtoto akaze shingo. Nimemsihi, nimelia, nimemtolea na maneno makali, Mungu anisamehe. Ananipapasa mkono na kuniambia nipunguze wasiwasi.

Sasa mama, lipo lile ambalo nimekuwa nalizunguka tangu mwanzo. Jana nilimuuliza kwa nini alimficha Askari Kanzu maumivu. Akajibu kwamba sheria za tepe alizijua kutoka kwangu. Angepewa mwekundu wangeniita mimi, nami ningekuita wewe. Kwa hiyo alipiga soga tangu getini, ili apate wa kijani. Kisha akaniambia kwamba maumivu hayakuanza Jumanne. Yalianza kabla hujasafiri. Alivyokuharakisha uende kwa dada mapema, akakufungia mizigo mwenyewe, sote tulidhani ni furaha ya mjukuu. Hakutaka umwone akijishika kifua. Akaniapisha nisikwambie, nami nikaapa. Leo nimevunja kiapo.

Nimekivunja kwa sababu ya asubuhi ya leo. Kila nikipita kitandani kwake namuuliza yuko rangi gani, naye hunijibu kijani, kisha anamtania aliye kitanda cha pili. Leo nilimuuliza, akanitazama tu. Hakutania, hakulalamika. Wenzangu wananiambia vipimo havijabadilika, niache wasiwasi. Lakini mama, wewe ndiye uliyeishi naye. Umewahi kumwona baba amenyamaza?

Usimtumie salamu. Njoo. Shemeji ana gari hapo nje na atakusubiri. Njoo umgombeze, maana mimi ananisifu tu, hanisikii, bali wewe ukimwita mara moja huwa anasimama. Gari la wagonjwa tumeliomba, lipo tayari. Kinachokosekana ni sauti yako.

Mwambie dada kwamba mimi ndiye ninayeumwa, nina homa na sina wa kunipikia uji. Uongo huo ni wangu, nitaubeba mwenyewe. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Majirani wote hawajambo. Salamu za baba sina, kwa kuwa hajui kwamba nakuandikia. Ukifika atakupa mwenyewe.

Wako kitindamimba,
Nusu Mkate