Biskuti Halii Tena

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumanne, 10 Septemba 2024.

Mpendwa dada Clotilda,

Shikamoo. Usizoee, naitoa leo tu kwa heshima ya hicho kitambaa walichokufunga masista kichwani. Unaendeleaje na baridi ya Kilimanjaro? Maharage mnakula mara ngapi kwa wiki, saba au nane? Huku hatujambo. Mama mguu umepungua kuvimba. Mimi ndiyo usiseme, nimezidi kupendeza, ukiniona utadhani nimesomea Ulaya, kumbe kidato cha pili kilinishinda.

Salamu pia kwa Sista Mlezi, maana najua barua zenu anazisoma yeye kwanza. Shikamoo Sista. Mimi ni Ignasi, mtoto wa shangazi yake. Yote aliyokuambia juu yangu ni kweli.

Ile barua uliyompenyezea jirani yetu Anaeli alipokuja kukuona nimeipata. Kurasa nne! Moja ya kutuulizia sisi, tatu za mbwa. Mama aliisoma akasema, "Huyu mtoto kaenda kumtumikia Mungu au Biskuti?"

Sasa sikia. Wiki ya kwanza ulipotuachia mbwa wako, alilala ndani kwenye kochi, kama ulivyomdekeza kule kwenu Upanga. Alfajiri moja Mzee Mrisho, mpangaji mwenzetu, katoka kuchukua udhu, anapita ukumbini, mjinga wako akaenda kumlamba miguu kwa mapenzi. Kwa dini yao hapo ni kuosha mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Udongo Kariakoo utaupata wapi? Kote sementi na lami. Mzee akachimba chungu cha mchaichai cha Mama mpaka mizizi. Mchaichai umekufa.

Hakufoka. Alisema tu, "Mama Ignasi, miaka kumi na moja hatujagombana. Mbwa simchukii. Lakini Jumapili ikifika awe analala uani, tena kimya, au apelekwe kwingine." Kwingine kwenyewe ni kwa Ansbert, yule mlinzi wa stoo ya marobota ya mitumba. Mbwa wake wa mwisho alimfunga mnyororo mfupi mpaka shingo ikanyonyoka manyoya.

Wewe uliandika kwamba ikibidi alale uani nimzoeshe taratibu. Mchana kwanza, chakula apewe huko huko, boksi lisiingie mvua, na ndani niweke khanga yako isiyofuliwa, anuse harufu yako apate faraja. Nikaona hayo ni mambo ya watu wa Upanga. Usiku wa kwanza nikamtupa uani, nikafunga mlango. Dada, alikwaruza mpaka rangi ikatoka! Paka wa hapa, wale waliokua kwa vichwa vya samaki, wakamzunguka wanne. Mmoja kachukua dagaa, mwingine kamzaba kofi la pua. Mimi dirishani mbavu sina. Chiku, binti wa Mzee Mrisho, ana kichanga, akafungua dirisha lake: "We Ignasi! Ama umbembeleze mbwa, ama uje umbembeleze mwanangu!"

Basi nikafuata ya kwako. Nikamtafutia boksi la televisheni ya inchi hamsini na tano, ana nyumba kubwa kuliko kitanda changu. Mchana akakaa vizuri, akala ugali na dagaa, yeye aliyekuwa anatengewa kuku wa kuchemsha. Giza likiingia, pua ndani ya khanga, kilio. Kesho yake kilio. Keshokutwa kilio. Ijumaa Ansbert akaja na kamba kumpima shingo.

Jumamosi Mama akaona khanga inanuka, akaifua kwa sabuni ya unga bila kuniuliza. Jioni nikairudisha kwenye boksi. Biskuti akainusa kona zote nne. Akazunguka mara tatu, akalala. Kimya mpaka adhana.

Mimi mtu wa utafiti, sikuridhika. Jumapili mchana nikatoa kipande cha pili cha doti, kile ulichokiacha kabatini hakijaguswa na maji. Nikamwekea. Alilia saa nzima, macho mlangoni, mkia unapiga boksi. Nikakiondoa. Akanyamaza.

Kwa hiyo si baridi, si paka, si uani. Ugonjwa ulikuwa wewe.

Ansbert kaondoka na kamba yake bila mbwa. Mzee Mrisho anasema, "Huyu sasa mpangaji mwenzetu." Na yule paka wa kofi ana sikio moja na nusu.

Uliuliza, kama bado anakulilia utoke huko uje umchukue kabla hujaweka nadhiri Desemba. Mama aliniegemea begani nikiandika akasema taratibu, "Mwambie analia." Mama amekukumbuka kuliko mbwa, ujue. Lakini siwezi kudanganya Sista akiwa anasoma. Halii. Jana nilimwambia, "Clotilda huyo, kaja!", maneno yaliyokuwa yanamrusha mpaka mlangoni. Alijikuna sikio.

Khanga usiulizie. Kipande kimoja kinanuka mbwa. Kingine nimempa Chiku abebee mtoto, kinanuka maziwa na mkojo. Wewe humo tena.

Wanakusalimu Mama, Chiku, Mzee Mrisho na Mjomba Tarsis, aliyepita juzi akaondoka na ndizi zetu. Mungu akulinde, akupe usingizi, na moyo mgumu kidogo.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata ukininunia,

Ignasi.

Tena, Sista: kwenye ile barua kaandika kwamba usiku halali, anaamka kuangalia picha ya mbwa. Iko chini ya godoro, upande wa ukutani. Ichukue. Atalia siku tatu, nne. Halafu atalala.