Karatasi Niliyokusomea Jikoni

Shinyanga,
11 Machi 1983

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote hapo nyumbani Ushirombo. Mgongo unaendeleaje? Na baba, ameshaleta habari yoyote kutoka machimboni Geita, au bado kimya? Mimi ni mzima. Shikamoo pia katekista Gelasius, maana najua ndiwe unayemsomea mama. Nakuomba umgeuzie kwa Kisumbwa kila neno, hata pale utakapotamani kuruka. Na mdogo wangu Otmar akiwa karibu, msimwondoe. Haya yanamhusu kuliko mtu yeyote.

Kidato cha kwanza ni kigumu, mama. Sasa kila somo ni Kiingereza, mwalimu akiniuliza nainamia daftari tu. Lakini hapa hakuna anayeniita Fimbo. Jina hilo sikuwahi kukuambia. Kule shule ya msingi, miaka mitatu niliyokuwa nikimwongoza Otmar kutoka bwenini hadi darasani, mkono wake begani kwangu, hakuna aliyeniita Salvina. Walikuwa wakiniuliza, we Fimbo, mzigo wako umeshakunywa uji? Fimbo, siku ukiolewa utakwenda naye kwa mume? Hata wasioona wenzake walicheka. Nami nilicheka nao, halafu tukifika nyuma ya jengo namfinya Otmar kwa ndani ya mkono, pale ambapo wewe usingeona. Hakunisemea hata siku moja.

Mbuke, binti wa shangazi, ameniandikia. Katikati ya habari za mbuzi na za harusi amesema kwamba mkienda shamba mnamfunga Otmar kamba kiunoni, kwenye nguzo ya jiko, na kwamba kamba imemchuna mpaka pamekuwa kidonda. Anasema siku hizi haombi tena kutoka nje.

Mnafanya hivyo kwa sababu ya ile karatasi ya shule niliyokusomea Desemba. Ulikuwa unachambua maharage. Nilikusomea kwamba walimu wamemshindwa, asirudi tena, akae ndani ya ua, asiguse moto wala maji, na asiachwe atembee ovyo. Ukaniuliza kama imeishia hapo, nikasema ndiyo. Ukasema basi, kama walimu wenyewe na kalamu zao wameshindwa, sisi wa jembe tutaweza nini. Otmar akauliza kama jina lake limeandikwa humo. Nikamwambia limeandikwa, tena mara mbili.

Mama, hakuna hata moja katika hayo lililoandikwa. Ile ilikuwa karatasi ya maelekezo kwa wazazi wote wenye watoto kama yeye, ninayo hapa chini ya godoro. Inasema mtoto avae nguo mwenyewe, na mzazi afunge fundo dogo kwenye pindo la shati ili ajue mbele na nyuma. Kigoda, ndoo na mlo wake viwekwe mahali pale pale siku zote. Akimwaga maji asipigwe, afundishwe kuchota tena. Ivutwe kamba kutoka mlangoni hadi kisimani, aifuate kwa mkono aende mwenyewe. Atwange, afue, achunge na wenzake. Aitwe kwa jina lake, siyo kwa macho yake. Na kwa herufi kubwa wameandika kwamba asikose kurudi Januari.

Chini kabisa Mwalimu Mageni, mwalimu wake wa darasa, aliongeza kwa mkono wake kwamba Otmar ni wa tatu katika darasa zima, wanaoona na wasioona. Na kwa kuwa mimi nitakuwa sekondari ng'ambo ya barabara, niwe nakwenda Jumamosi kumtembeza na fimbo mpaka azizoee njia. Muhula mmoja tu, mama. Nikawawaza wasichana wa huku wamesimama getini, wananiona na mkono ule begani. Hiyo ndiyo sababu yangu. Nimetafuta nyingine, sina.

Kile kibao chake cha kuandikia nukta wanazosoma kwa vidole, nilichosema shule inakidai, alinipa mwenyewe, akakifuta kwanza kwa shati. Nilikitupa chooni huku shuleni.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Januari Mwalimu Mageni alinikuta getini, akaniuliza mbele ya wenzangu Otmar yuko wapi, mbona kitanda chake kinamngoja. Nikasema amekufa. Akaniuliza kwa ugonjwa gani. Nikasema surua, wiki ya Noeli, tumeshamzika. Akanikumbatia akalia, na wasichana wakalia. Tangu siku hiyo nina marafiki, mama. Wananiwekea nafasi mezani, wananichotea maji. Miezi miwili nimekula kifo cha mdogo wangu.

Jana mwalimu alikuja kuniambia kwamba wamepata lori la parokia. Jumamosi ya tarehe 19 wanakuja Ushirombo, yeye, mwalimu mkuu na watoto sita wa darasa la Otmar, kusali kaburini. Mimi nitakaa mbele kwa dereva nionyeshe njia. Nilifungua mdomo nimwambie, nikamshukuru. Ndiyo maana nampa Donatus, dereva wa gari la ushirika, barua hii, anaondoka kesho asubuhi, iwahi kabla yetu.

Kabla ya hii niliandika nyingine, nikikuomba siku hiyo umfiche Otmar kwa kina Mbuke, na uwaonyeshe kaburi la mtoto yeyote. Nimeichana. Mfungue, mama. Kitanda chake ameshapewa mtoto mwingine, lakini muulize mwalimu mwenyewe, mimi hawataniamini tena.

Nisalimie shangazi na Mbuke. Baba akirudi mwambie wewe, mimi siwezi.

Wanakuja na msalaba. Vijana wa useremala wameuchonga kwa mninga, na kwa kuwa rafiki zake wengi hawaoni, jina lake wameliandika kwa vichwa vya misumari midogo, nukta kwa nukta, ili waliguse. Hapo nyumbani hakuna atakayeweza kuusoma ila Otmar.

Ni mimi mwanao,
Salvina