Meza ya Baba Yenu Isipakwe Mafuta Kabla ya Ijumaa

Yudelka, Anyelo,

Nimekwenda kusimamia mitihani, nitarudi saa tisa. Wali wa mbaazi uko jikoni. Kulieni huko huko.

Asubuhi nilishamaliza kupiga msasa pale mshumaa wa rozari ya siku tisa za msiba ulipounguza resini iliyofunika meza. Nikaenda kuoga. Nilipotoka, nikamkuta Bibi Eufemia anaipaka meza mafuta ya nazi, kama kila asubuhi tangu tumzike baba yenu.

"Mama," nikamwambia, "resini mpya haishiki juu ya mafuta."

"Mwanangu aliitengeneza ing'ae. Wewe umeifanya ikwaruze kama mguu wa kuku."

Nimechoka, na Jumamosi ni rozari ya kutimiza mwaka tangu baba yenu afariki. Jamaa wa mji wa Baní wanakuja, na altare inawekwa juu ya meza hiyo.

Kwa hiyo tunaanza upya. Ioshwe kwa sabuni na kufutwa kwa spiriti kabla ya msasa, la sivyo mtayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kisha sugueni kwa msasa namba 120 mpaka pote pafifie; panapong'aa, bado hapajasuguliwa. Toeni vumbi, spiriti tena, na msiguse kwa vidole. Jioni nitamimina resini mpya.

~~Bibi asiikaribie meza.~~

Spiriti afute Bibi. Anaijua kila kona ya meza hiyo kuliko sisi. Mwambieni Ijumaa, ikishakauka, aipake mafuta apendavyo.

Tena anadhani mshumaa ule aliuweka yeye. Niliuweka mimi, bila sahani. Hilo msimwambie, nitamwambia mwenyewe leo.

Mama