Lango Lenye Jina Lako

Kolwezi, huku ng'ambo ya reli

Tata yangu mpendwa,

Napiga makofi mbele yako, magoti chini, kama ulivyotufundisha. Mguu unasemaje na mvua hizi? Na yale matone ya macho niliyompa Issa dereva yalifika, au yalikwama njiani pamoja na lori? Sisi huku miili ni mizima. Watoto wanakula, wanagombana, wanaenda shule. Mwalimu Yosefu wa katekisimu, wewe unayemsomea tata, baba yangu, barua hii, nakusalimu pia. Soma polepole, na usiruke mahali ninapojilaumu.

Tata, kuna jambo nimekuficha miaka minane. Una nyumba hapa Kolwezi. Sisemi nyumba yangu ambayo ungefikia kama mgeni. Ni yako, imeandikwa jina lako. Nakuambia leo kwa sababu wanataka kuibomoa.

Unakumbuka siku ulipostaafu, tulivyotolewa katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, vitanda vikakaa nje huku Mama, Mungu amrehemu, akiita majirani waje kubeba sufuria. Ulisema kwamba miaka yote ile hukuwahi kupiga msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Neno hilo lilinikaa. Nilipopata kazi ya kuchomelea milango nikanunua parseli hii, kiwanja hiki, na chefu wa mtaa aliponiuliza aandike jina la nani, nikasema: Kabwit. Nani kwetu angejiandikisha mwenye nyumba wakati baba yake yu hai? Niliona aibu hata kulifikiria. Nikatengeneza lango la chuma, nikachomelea jina lako juu yake, herufi kubwa sita. Nilitaka ufike mwenyewe, ulisome, mimi nikiwa nyuma yako nimenyamaza. Basi nikawa nangoja barabara ikauke, nangoja watoto wakue, nangoja rangi. Kisha macho yako yakanitangulia, yakazimika.

Mwezi uliopita wakaja watu wa kampuni ya madini pamoja na karani mmoja wa Serikali, wakaandika namba nyekundu kwenye kuta zetu. Madini yako chini yetu, wakasema, mtaa utahamishwa. Watu wa mtaa wa Kasulo walipochimba madini chini ya vitanda vyao niliwacheka, tata. Karani akasoma lango, akaniuliza:

"Kabwit njo nani?"

"Ni tata yangu. Iko ku Musumba."

"Na we?"

"Mi njo nilijenga hii nyumba."

"Nasikia, tata. Lakini mukanda, ile karatasi ya chefu, haina jina yako."

Akaandika neno moja mbele ya jina langu: lokateri. Mpangaji. Mpangaji wa baba yake, asiyejua kama ana mpangaji! Jirani yangu Mama Shantali, ambaye nyumba yake inavuja kila kona, alipigwa picha mbele ya mlango akishika kibao cha namba, kwa sababu karatasi ni yake. Yeye atapewa kitu aanzie mahali pengine. Lokateri anapewa siku za kutoa vyombo vyake.

Nikaenda ofisi ya ardhi na ile karatasi ya chefu yenye muhuri. Nilifikiri muhuri ni muhuri. Mama mmoja wa pale, mpole, hakunifukuza. Akanieleza kwamba karatasi ya chefu wa mtaa inaonyesha tu nani anakaa wapi. Sertifika yenyewe, hati ya kiwanja, hutolewa pale ofisini kwao, na sisi hatukuwahi kuiomba. Hata ningekuwa nayo, akasema, ingenipa haki ya kuutumia udongo, si udongo wenyewe. Nikamwomba anieleze tena, maana kichwa changu kimezoea vyuma. Akaweka kiganja mezani, akanionyesha juu na chini yake.

"Nyumba na miti ni ya ule mwenye jina. Buloba, ule udongo, ni ya Leta, ya Serikali. Bitu biko chini, Leta ilisha kupatia kampuni."

"Na mi?"

"We uko unaikala tu, tata."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga. Wewe ulifukuzwa katika nyumba isiyokuwa yako. Mimi nilijenga yangu, nikakupa wewe, na bado tunafukuzwa wote wawili, mmoja bila kujua. Siku walipokuja kuhesabu, waliandika mparachichi, mpapai, choo, kisima, milango mitatu na lango. Nilipouliza udongo unaandikwa wapi, yule karani akanionyesha karatasi: hapakuwa na nafasi yake.

Mkamwana wako Beatrisi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alibeba maji ya kufyatulia matofali yale akiwa na mimba ya Iveti. Aliniambia hivi tu:

"Kuheshimu tata yako ni muzuri. Sasa shi na batoto tutalala mu heshima?"

Nikarudi kwa yule mama wa ofisi ya ardhi kuuliza njia.

Njia imebaki moja. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi inayosema kwamba unanikabidhi mimi nisimame mahali pako. Weka kidole gumba chini, Mwalimu na mtu mwingine washuhudie, na ofisi ya huko igonge muhuri. Lakini orodha inafungwa Jumamosi ya wiki ijayo, na Issa anasema na matope haya huenda akafika kwenu baada ya wiki tatu, akifika. Simu ya Mwalimu haipatikani, na hata ingepatikana, wanataka kidole chako, si sauti yako. Nilimwomba karani aningoje. Akasema orodha si yake.

Mama Shantali alinishauri niweke kidole changu mwenyewe, nani atajua. Tata, nilikipaka wino. Kisha nikakifuta kwenye suruali ya kazi. Usidhani ni utakatifu. Nilishatumia jina lako mara moja bila kukuuliza, na ona tulipofika.

Kwa hiyo nafanya jambo moja tu ninaloliweza. Jana nililikata lango, na Issa amelifunga juu ya magunia yake. Waliniambia nisiling'oe kwa kuwa limehesabiwa. Basi waje kuhesabu upya. Beatrisi ametundika kitenge pale lilipokuwa, na mbwa wanaingia wanavyotaka. Tutakwenda wapi sijui. Naogopa, tata, na sina mtu mwingine mzima wa kumwambia hivyo.

Mnisalimie Mama mdogo, na dada yangu Kamin aliyebaki akikulimia muhogo wakati mimi nikijifanya tajiri huku. Mnisalimie mjomba mwenye baiskeli, na mama mzee wa jirani aliyenifunga kitovu. Iveti anasema anakusalimu kwa mikono miwili.

Mwalimu, hapa ndipo pa kusoma polepole kuliko kote. Karatasi ile muisaini, hata ikichelewa. Lakini kabla hajapaka wino, mpeleke tata nje, alipoliegemeza Issa lile lango. Mshike mkono, apitishe kidole juu ya chuma herufi kwa herufi. Nilizichomelea nene kwa kusudi. Kisha mwambie kwamba lilikuwa la nyumba yake, na misumari yote ya mle ndani ilipigwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Mimi mwanao, mpangaji wako,
Felisiani